Hata Rebeka Aliulizwa

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara kubwa, na kazi yetu ilikuwa kuosha magari. Baba ndiye aliyemwaga zege mbele ya nyumba. Alichimba mfereji wa maji machafu, akafunga mpira mrefu wa maji kwenye bomba. Alipofariki, watu walidhani kazi itakufa naye. Mama aliushika mpira ule mwenyewe. Dada yangu alisugua matairi. Mimi niliosha mazulia ya gari na kuyaanika ukutani.

Baba alituachia pia desturi moja ya kazi. Kila dereva aliyefika alipewa kikombe cha maji ya kunywa. Kisha aliulizwa, "Na gari nalo lina kiu?" Yaani, tuangalie maji ya rejeta, yale yanayopoza injini? Madereva walicheka, na waliocheka walirudi. Baba alipoondoka, maneno hayo aliyarithi Dada.

Mchana mmoja liliingia lori lililokuwa likitoa mvuke puani. Mwenyewe alishuka akijifuta jasho. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi. Tulimfahamu kwa sura, kwa sababu alisali kanisa letu. Mke wake alikuwa amefariki zamani kidogo.

"Naomba maji ya kunywa, binti," alisema.

Dada akampa kikombe. Akasubiri amalize, kama kawaida.

"Na lori nalo lina kiu?" akauliza.

Mwenye Lori alibaki na kikombe mkononi. Alimtazama Dada kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Dada hakuona. Alikuwa ameshachukua ndoo, anasubiri rejeta ipoe.

Kesho yake Baba Mdogo alikuja kwetu. Huyu ni mdogo wake Baba, na tangu mazishi ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Alikaa, akavua kofia, akatabasamu.

"Shemeji," alimwambia Mama, "Mungu hakuwasahau. Mwanao amepata mume."

Mama aliendelea kukamua kitambaa. "Amempata wapi? Yeye mwenyewe anajua?"

"Mwenye Lori aliomba ishara. Alimwambia Mungu: msichana nitakayemwomba maji, akanipa, kisha akataka kulinywesha na lori langu, huyo ndiye mke uliyenichagulia. Kama mtumishi wa Ibrahimu kisimani, alipotumwa kumtafutia kijana wa bwana wake mke, na Rebeka akamnyweshea ngamia. Hakuhitaji hata kwenda mbali. Mwanao akatamka yale yale."

Mama aliweka kitambaa chini. "Shemeji, hapa ni pa kuoshea magari. Kila gari linapewa maji. Kwa kipimo hicho mwanangu ameshaposwa na mabasi, na teksi, na lile gari la kubeba mawe."

"Usifanye mzaha na mambo ya Mungu."

"Sifanyi mzaha. Yale ni maneno ya kaka yako. Aliyatunga hapo hapo ulipokaa, ili wateja wacheke."

Baba Mdogo hakucheka. "Nimeshamjibu kwamba tumekubali. Jumapili baada ya ibada atakuja na wazee wake. Nyumba haina mwanamume, shemeji. Itasimama kwa nguvu gani? Kukataa alichopanga Mungu ni kutafuta laana."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Siku zile hakuimba tena kazini. Alisugua tairi moja mpaka Mama akamwambia, "Mwanangu, limeshatakata. Utalitoboa."

"Mama, simtaki," alisema. "Si mtu mbaya, lakini simtaki. Ila nikisema hapana, nitakuwa nimemkataa yeye au nimemkataa Mungu?"

Mama alifunga bomba. Alijua mtu wa kumwita.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa Baba, alikuwa akifundisha mafundisho ya ndoa kanisani. Wachumba wote walipita mikononi mwake kabla ya kufungishwa ndoa. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Alikuja, akageuza ndoo, akaikalia.

"Nieleze mwenyewe," alimwambia Dada. "Usinipe maneno ya baba yako mdogo. Nipe yako."

Dada alieleza. Alifika mpaka kwenye laana.

"Sasa nisikilize," Shangazi alisema. "Rebeka alikuta ngamia kumi wana kiu ya safari. Hakuwa na bomba. Alishuka kisimani, akapanda na mtungi, akashuka tena, akapanda tena, mpaka wote wakatosheka. Hakuna aliyemtuma wala kumwahidi malipo. Ile haikuwa kauli ya kukaribisha wateja. Ulikuwa moyo wake unaonekana kwa mikono yake. Na yule mtumishi alifanya nini wakati huo?"

"Alishukuru."

"Hapana. Kwanza alinyamaza akamtazama. Alitaka kujua kama kweli Mungu ameifanikisha safari yake. Alikuwa ameomba kwa imani, lakini bado alitazama. Huyu wetu alisikia sentensi moja akakimbilia kwa wazee."

Mama alicheka kidogo. Hatukuwa tumemsikia akicheka siku nyingi.

"Lakini Shangazi," Dada alisema, "si kaka yake Rebeka na baba yake walisema jambo limetoka kwa Mungu, mchukue uende?"

"Walisema. Sikufichi. Walisema usiku ule ule, na chakula kiko mezani. Na baba yako mdogo amesoma mpaka hapo, akafunga kitabu akalala. Angeendelea mpaka asubuhi angeona. Asubuhi mtumishi alitaka kuondoka. Mama na kaka wakasema, ngoja kwanza, tumwite msichana tumuulize kwa kinywa chake. Wakamwita. Wakamwuliza, utakwenda na mtu huyu? Naye akajibu, nitakwenda."

Dada aliinua uso. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye mfereji.

"Kwa hiyo aliulizwa," akasema.

"Hata Rebeka aliulizwa. Malaika alitangulia njiani, maombi yalijibiwa, ishara ilikuwa wazi kama mchana. Na bado aliulizwa. Mungu anayepanga njia za watu ndiye aliyekuumbia kinywa. Hawezi kukikasirikia kikitumika. Mungu anatutunza, mwanangu. Hatutegi kama ndege."

"Nikisema hapana?"

"Utakuwa umemkataa mtu mmoja mwenye lori. Mungu utamkuta pale pale ulipomwacha."

Jumapili walikuja. Mama alikuwa amepanga viti juu ya zege, maana sebule isingetosha. Mwenye Lori alikaa na wazee wake wawili. Baba Mdogo alikaa katikati kama mwenye shughuli. Shangazi aliikalia ndoo yake.

Baba Mdogo alianza. "Tumekutana kwa sababu Mungu amesema."

"Amesema na nani?" Shangazi aliuliza.

"Dada mkubwa, tafadhali. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na pupa huyavimbisha. Mwite mtoto."

"Mtoto ataitwa tukishamaliza."

"Mkishamaliza nini? Ukoo wa Rebeka uliita kabla msafara haujaondoka. Wewe unataka kumwita akiwa juu ya ngamia?"

Mzee mmoja wa Mwenye Lori alikohoa kuficha kicheko. Baba Mdogo akabadili njia. Akamgeukia Mama, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuumiza.

"Shemeji, wewe ni mjane. Una mabinti wawili na mpira wa maji. Huyu bwana angeleta malori yake yote hapa. Unamfundisha mtoto kiburi. Mkono gani utawalisha?"

Mama alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya wazee alikuwa na machache zaidi. Siku ile hakuinamisha uso.

"Naomi alirudi kwao mjane," alisema. "Na Ruthu naye mjane. Hawakurudi na lori. Ruthu aliamka akaenda shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji, na Mungu akawalisha kwa mikono ile ile. Hata mume alipokuja, alimkuta kazini, na Ruthu ndiye aliyekwenda kumwambia amwoe. Mungu aliyewalisha wale wawili kwa masuke hashindwi kutulisha sisi watatu kwa mpira wa maji. Nitaosha magari mpaka vidole viote ukungu, shemeji. Mtoto wangu hatakuwa malipo ya maji."

Mama alimwita Dada.

Dada alitoka na gauni lake la kanisani. Alisimama mahali ambapo lori lilikuwa limesimama. Shangazi ndiye aliyeuliza, polepole, bila kumsaidia.

"Mwanangu, utakwenda na mtu huyu?"

Baba Mdogo alimkazia macho. Dada hakumtazama. Alimtazama Mwenye Lori mwenyewe.

"Bwana, nakuheshimu," alisema. "Yale maneno ya kiu alitufundisha marehemu baba yangu, na tunamwambia kila dereva. Hayakuwa yako peke yako. Umeniuliza kupitia kwa Mungu na kupitia kwa baba mdogo. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza naulizwa leo. Jibu langu ni hapana. Sitakwenda."

Baba Mdogo aliinuka. "Mtoto hana adabu. Hatujasikia hayo."

Lakini Mwenye Lori aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mimi nimesikia," alisema. "Mzee, uliniambia mmekubali. Nilidhani ameshaulizwa." Akamgeukia Dada. "Nilikuwa na upweke, binti. Mtu mwenye upweke husikia jina lake kila mahali. Nisamehe. Nimesikia."

Aliwaaga wote kwa mkono, na Dada pia. Akaondoka na wazee wake. Baba Mdogo alifuata bila kuaga.

Laana haikuja. Zilikuja siku za kawaida, zenye matope na sabuni. Kuna miezi ilikuwa mikavu, na kuna miezi magari yalipanga foleni. Tulikula. Dada akaanza kuimba tena. Mwenye Lori alikaa muda bila kupita kwetu, kisha siku moja lori likaingia. Dada akampa kikombe. Akasita, kisha akauliza kama alivyofundishwa.

"Na lori nalo lina kiu?"

"Lina kiu tu," alijibu. "Halitafuti mke."

Walicheka wote wawili, na Mama akacheka huku amejipaka povu hadi kiwikoni.

Shangazi aliugua mwaka uliofuata. Mpaka wiki zake za mwisho, wachumba walimfuata kitandani. Aliwatenganisha, mmoja ndani, mwingine nje, akamwuliza kila mmoja peke yake: umekuja kwa miguu yako? Tulimzika karibu na Baba. Ndoo yake bado ipo kwenye zege, na hatuitumii kubebea maji.

Kuna jambo moja hakuwahi kuliona, na natamani angeliona. Binti wa Baba Mdogo alipata mchumba, kijana wa familia nzuri, mwenye kazi. Wageni walifika, tukaitwa sote. Baba Mdogo alisimama kusema. Alitutazama, akamtazama Mama, kisha akakaa tena.

"Kabla ya yote," alisema, "mwiteni."

Binti alikuja. Baba Mdogo alimwuliza kwa sauti ndogo, mbele za watu wote, "Mwanangu, utakwenda na mtu huyu?"

Binti alifikiri. Wageni walianza kujikunyata kwenye viti. Shangazi angekuwepo, angewaambia watulie.

"Bado, baba," binti alijibu. "Nataka kumfahamu kwanza."

Baba Mdogo alivua kofia, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

"Haya," alisema. "Tumesikia."