Bibi Aliyekufa Mara Nne

Nyumbani kwetu udobi unaanzia mlangoni. Chumba cha mbele kina meza mbili za kupigia pasi, kamba nne, na kabati la nguo zilizokunjwa. Mama hufua na kupiga pasi. Bibi hupanga soksi, kwa sababu anasema soksi zinahitaji hekima. Mimi, nikirudi kutoka shule ya bweni, hutia alama. Kila nguo inayoingia naishonea uzi mdogo ndani ya kola. Mwekundu ni wa muuza dawa. Wa njano ni wa Karani, jirani yetu. Bila uzi, mtu ataondoka na shati la mwenzake.

Jumamosi moja ya mapumziko, Bibi alikuwa anatoa sare zangu chafu sandukuni. Sanduku hilo lilikuwa la Dada Mkubwa, likaenda kwa Wa Pili, likaenda kwa Wa Tatu, ndipo likanifikia. Sare pia zimepita njia hiyohiyo. Hata jina langu shuleni ni Wa Nne.

Chini ya sare, Bibi akakuta karatasi. Bibi anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na tangu azijue herufi hapiti karatasi bila kuisalimu. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Bibi... yangu... alifariki..."

Pasi ya Mama ikasimama hewani.

"...siku ya mvua kubwa." Bibi akanitazama juu ya miwani. "Mke mwenzangu, nimekufa lini? Mbona sikualikwa?"

Sina budi kueleza. Ilikuwa insha iitwayo "Siku Niliyojitambua". Dada Mkubwa ndiye aliyemuua Bibi kwanza, akapata alama nzuri sana. Wa Pili akainakili insha ile. Wa Tatu naye akainakili. Mimi ni mtu wa kuheshimu urithi, kwa hiyo nikainakili kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Kumbe mwalimu wetu ametufundisha sisi wote wanne, na kumbukumbu zake hazijapata kutu.

Chini ya insha alikuwa ameandika kwa wino mwekundu. Mama akachukua karatasi, akasoma kwa sauti:

"Pole kwa msiba wa nne wa bibi yuleyule. Barua ya kukusimamisha masomo iko mezani kwangu. Lete insha yako mwenyewe Jumatatu, nami nitaichana barua hiyo. Usipoleta, naituma nyumbani."

Mama hakupiga kelele. Mama akikasirika hupiga pasi vitu visivyohitaji pasi. Alichukua tambara la kufutia meza, akalinyoosha mpaka likawa kama kitambaa cha harusi.

"Andika ukweli," akasema.

"Ukweli gani, Mama? Dada Mkubwa alikuwa kiranja mkuu. Wa Pili anakimbia kama swala. Wa Tatu anakula hesabu kama karanga. Mimi nimefanya nini? Nimetia chumvi kwenye chai ya viranja, basi."

"Hilo nalo hukuniambia."

Nikaketi, nikaandika: "Mimi ni msichana mwenye bidii, mnyenyekevu na mpenda amani." Bibi akaja na kidole chake, akausoma mstari wote.

"Huyu naye ni nani? Ana nguo zake hapa?"

Alasiri Karani akaja kuchukua mashati. Alifanya kazi mahakamani miaka thelathini, akiandika maelezo ya mashahidi. Bibi hakumpa hata nafasi ya kusalimia vizuri.

"Karani, msaidie mjukuu wangu. Asipoandika vizuri nitakufa tena."

Karani akasoma mstari wangu, akavua miwani.

"Hapa hujatoa ushahidi, mwanangu. Umetoa hukumu. Shahidi akiniambia, 'Yule ni mtu mwema,' siandiki kitu. Namwuliza, ulikuwa wapi? Uliona nini? Nani alisema nini? Akishayasema hayo, wema utajionyesha wenyewe."

"Kwa hiyo niandike maisha yangu yote?"

"Hakimu gani ana muda huo? Chagua tukio moja. Kabla yake ulijionaje, kukatokea nini, na baada yake ukajionaje."

"Na kama tukio lenyewe halinipi sifa?"

"Hapo ndipo tutakuamini. Anayejisifu tu, sisi tulikuwa tunashuku hata anwani yake." Akaangalia kamba za nguo. "Ni jambo gani lilitokea, ambalo ulilifanya wewe na dada zako hawakulifanya?"

Nilijua mara moja. Ndiyo maana nilianza kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Sema," Mama akasema.

"Mama, unakumbuka siku nyuzi zilipotoka kwenye mashati meupe? Yale kumi na mawili?"

"Siku ya sabuni mbaya."

"Haikuwa sabuni."

Pasi ikasimama tena.

Nikasimulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimechoka kuitwa mdogo wao. Nikazitoa nyuzi zote kwa wembe, nicheke kidogo. Lakini Mama alipoona makola matupu, alikaa kwenye kigoda na mikono yake imelowa. Akasema polepole, "Leo watu watasema tunawachanganyia nguo makusudi." Kicheko kikanikauka. Dada Mkubwa akajaribu kuyapanga, akashindwa. Ndipo nikalishika la kwanza. Mkono wa kulia umelika kwenye ncha: ni la mtu anayeandika kutwa. La pili limechakaa bega la kushoto: ni la fundi bomba, anayebeba mfuko wake upande huo. La tatu lina kifungo kilichoshonwa kwa uzi mweusi: ni la muuza dawa, anayeishi peke yake na kujishonea mwenyewe. Yote kumi na mawili yakaenda kwa wenyewe.

"Ulijuaje?" Karani akauliza.

"Huwa nawaangalia watu. Nisipowaangalia vizuri, nitawaigizaje?"

Karani akautazama mkono wa kulia wa shati alilovaa. Ncha ilikuwa imelika.

"Hiyo," akasema, "dada yako hawezi kuiandika."

"Miaka mitatu nailaani sabuni ya watu," Mama akasema. "Andika. Habari ya nyuzi tutaizungumza baadaye."

Tuliizungumza. Likizo iliyofuata nilifua na kupanga soksi zote peke yangu, na sasa najua kwa nini zinahitaji hekima.

Niliandika kama shahidi: wembe, kigoda, mikono iliyolowa, shati moja baada ya jingine. Sikuandika popote kwamba mimi ni mwangalifu. Jumatatu mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaitoa barua mezani, akaichana vipande vinne.

"Kimoja kwa kila msiba," akasema. Akanipa insha yangu. "Kuanzia leo nitakuita kwa jina lako."

Nilipofunga shule, Bibi aliidai insha kabla sijavua viatu. Alisoma mchana mzima, kidole chini ya mistari, soksi zikimsubiri. Alipofika nukta ya mwisho akageuza karatasi, akakagua na nyuma.

"Haya," akasema, akiikunja vizuri. "Safari hii nimefika mwisho nikiwa hai."