Uso wa Chini ya Maji

"Unacheka nini?"

Baba aliuliza kwa sauti ya chini, na waliomjua walijua hiyo ndiyo sauti mbaya. Mama akaacha kumimina chai.

Kijana aliyekaa kwenye kiti cha ukutani alikuwa amekuja kujitambulisha kama mchumba. Watu wa bwawani walimwita Kibano, kwa sababu ya kibano cha kuzibia pua majini alichoning'iniza shingoni kama hirizi. Kazi yake ilikuwa kuogelea kwa mpangilio: kucheza majini na mwenzake kwa kufuata muziki, kama mtu na kivuli chake.

"Sicheki, mzee," alisema, meno yote nje.

"Nimekwambia simwozi binti yangu kwa mwanamume anayeinua mguu majini kama korongo. Nimekukatalia, kijana. Na wewe unanichekea, sebuleni kwangu!"

"Samahani, mzee. Nimekuelewa."

Tabasamu likazidi.

Binti alimsindikiza hadi langoni. Yeye ndiye fundi wa pampu wa bwawa lile, msichana wa maneno machache, mikono yake ikinuka klorini hata baada ya sabuni mbili. Hakuwa mtu wa kugombana. Lakini siku ile alimzibia njia.

"Kwa nini ulicheka?"

"Sikucheka."

"Hata sasa unacheka! Mimi nalia, wewe unacheka. Au umefurahi umepata mlango wa kutokea?"

Kibano alijipangusa mdomo kwa kiganja. Tabasamu lilikuwa palepale, kama limepigiliwa misumari.

"Basi," binti alisema. "Tusitafutane."

Siku tatu zikapita. Kwenye simu ya binti ukaingia ujumbe:

"Nimekukosea. Naomba nikuone."

Hakujibu. Ukaja mwingine:

"Wiki ijayo ni mashindano. Nimeona jina langu limebandikwa kwenye orodha."

Hilo lilimchoma. Miaka kumi na miwili Kibano alifanya mazoezi na wanawake, na kila mashindano yakifika alibaki ukingoni kubeba taulo, maana kanuni zilikataa wanaume. Mtaani walimwita Bibi Harusi. Mwaka huu kanuni zilibadilika, na mtu wa kwanza ambaye Kibano alimpigia simu kumwambia alikuwa yeye, fundi wa pampu.

Hata hivyo hakujibu.

Asubuhi ya nne binti alikuwa katika chumba cha pampu, kando ya bwawa kule chini, akisafisha chujio. Ukutani palikuwa na dirisha la kioo kinene, kubwa kama sinia, la kukagulia maji. Hapo ndipo alipompendea. Aliitazama ile miguu mwaka mzima ikipanda na kushuka, ikitii kama askari, kabla hajamjua mwenye miguu. "Nilikupenda kichwa chini," alizoea kumtania.

Siku hiyo hakutaka kuiona miguu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, akatazama uso.

Kibano alikuwa chini ya mwenzake, mwanamke waliyemwita Mama Pacha, akimsukuma juu kwa mabega. Uso wake ulikuwa umekunjamana, mishipa ya shingo imesimama, kama mtu anayetaka kukata roho. Kisha akaanza kupanda. Shibiri moja tu kabla ya kutoka majini, ule uso ukafunguka. Meno yakatangulia, pua ikafuata. Pumzi hana, tabasamu analo.

Akarudi chini, uso ukakunjamana. Akapanda. Meno.

Chujio likamtoka binti mkononi.

Akaandika: "Siku ile langoni, ulikuwa umeumia?"

Jibu lilikuja wakati wa mapumziko.

"Nilikuwa nazama."

Akapiga simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ukikunja uso mbele ya waamuzi, alama zinakatwa. Kila nikiumia nacheka, miaka yote hii. Siku hizi uso wenyewe hauniombi ruhusa. Mzee alipokataa niliusikia unafunguka, na kadiri nilivyoufunga..."

"Ndivyo ulivyozidi."

"Ndivyo."

Binti akaokota chujio.

"Leo usiondoke mapema," alisema, akakata simu na kumpigia baba yake, mchomeleaji wa vyuma.

"Baba, kitako cha pampu kimelegea. Njoo na mashine."

"Si ulisema kinaweza kusubiri?"

"Kimechoka kusubiri."

Mzee alikuja, akachomelea, akafuta jasho. Ndipo macho yake yakanasa kwenye kioo.

"Yule anayembeba mwenzake amekanyaga nini?"

"Hajakanyaga kitu."

"Acha utani. Mtu hanyanyui mtu bila kukanyaga."

"Akigusa sakafu wanapoteza alama, baba."

Mzee akasogeza pua kiooni.

"Ni yule korongo wako?"

"Ndiye. Sasa mtazame mdomo akipanda."

Akatazama mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akainama, kama anavyokagua kiungo cha chuma kabla ya kukipaka rangi.

"Kumbe kazi yenyewe iko huku chini," alisema taratibu. "Mwite."

Kibano alishuka ngazi akidondosha maji. Alipomwona mzee, meno yote nje.

"Funga huo mdomo."

"Mzee, haufungi."

"Basi tunasubiri. Sina haraka."

Wakasimama, pampu ikinguruma. Tabasamu likashuka upande mmoja, kisha wa pili. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Haya. Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kukusihi usinitenge naye, mzee."

"Na nikikwambia uache kuogelea?"

"Siachi. Nimesubiri mno." Akameza mate. "Lakini nikimkosa yeye, nitakuwa nacheka hivi hadi kufa."

Machozi yakamtoka. Hakukuwa na maji ya kuyaficha. Binti akamshika mkono, mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu.

Mzee akakunja waya wa mashine yake.

"Jumapili njoo tena nyumbani," alisema. "Na uje na uso huu huu."

Kwenye mashindano Kibano na Mama Pacha walishika nafasi ya nne. Jukwaani mzee mmoja alisimama muda wote akiwapigia kelele watu asiowajua: "Hakanyagi chini yule! Nawaambieni, hakanyagi!"

Miezi mitano baadaye ikafanyika harusi. Mpiga picha alihangaika hadi jasho likamtoka, maana bwana harusi alikuwa akilia waziwazi, pua imemvimba.

"Bwana harusi, jamani! Tabasamu kidogo tu!"

Bibi harusi, yule msichana wa maneno machache, akainua mkono.

"Piga hivyo hivyo," alisema. "Leo hayuko kazini."