Rangi Nyeupe Kwenye Nati

“Sifungui tairi njiani, Mama Lusia. Umekaza nati, zimekazika, basi,” Gervas alisema.

“Hazijakaa bado, shemeji. Spesa mpya inakazwa mara ya pili gari likishatembea kidogo. Ukifika Kabungu simama, toa matairi ya nyuma, kaza tena, uendelee.”

“Nina wanakwaya wananisubiri Makanyagio na ngoma zao tangu asubuhi. Unafikiri akina mama wale wakinuna wananiimbia?”

Lusia alikuwa ameshapanda pikapu, mfuko wa nguo mapajani, akiomba moyoni wale wawili wagombane upesi wamalize. Mama yake, Odeta, alikuwa ameahidi kwamba akisaidia kazi hii ya Jumamosi, ataondoka na baba yake mdogo Gervas hadi Karema kwa Bibi Theopista. Huko angeliona Ziwa Tanganyika, ambalo kaka yake Richard alikuwa hachoki kumtambia. Richard alishafika mara mbili. Lusia alikuwa hajafika hata mara moja.

Pikapu ya Gervas ilikuwa ya fowili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, yenye nguvu za kutosha, lakini magurudumu yake ya nyuma yalikaa ndani kidogo kuliko ya mbele. Kwenye matope, ya mbele yalichimba njia yao na ya nyuma yakachimba nyingine, gari likabaki linahangaika. Ndipo Odeta akafunga spesa. Spesa ni chuma kinene cha duara kinachokaa kati ya ekseli na rimu, kikilisukuma gurudumu nje. Kwanza unafunga spesa yenyewe kwa nati zake, kisha unafunga tairi juu yake. Tairi likishakaa, nati zile za ndani hazionekani tena.

Kwa sababu hiyo gereji ya Odeta ilikuwa na desturi yake. Ukimaliza kukaza nati, unaipiga mstari wa rangi nyeupe. Anayekuja nyuma yako akiona mstari, haulizi.

“Haya,” Odeta alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. “Kama husimami, basi angalau nijue ninachokupa. Lusia, nati za ndani za kushoto umezikaza wewe?”

Asubuhi Lusia alikuwa amezizungusha nati zote tano kwa mkono tu, bila spana. Kwa kuwa brashi ilikuwa karibu, akazipaka rangi kabisa, akisema atashika spana akimaliza. Mara Helena, aliyekuwa akimsuka nywele za safari, akamwita kutoka uani aje wamalizie misuko miwili iliyobaki. Aliporudi, Richard alikuwa ameona mistari myeupe, amepachika tairi na kulikaza vizuri. Kulitoa tena kungemfanya aulizwe. Akanyamaza.

“Ndiyo, mama. Rangi ipo.”

“Umesikia?” Gervas alisema. “Mtoto wako mwenyewe.”

Odeta akainua mabega, akaondoka njiani. Gervas akawasha gari. Lilipovuka mfereji wa mbele ya gereji, sehemu ya nyuma ikaruka, na Lusia akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Aliwaza akina mama wale wamekaa nyuma na ngoma zao, na miteremko ya njiani, na gurudumu lile la kushoto. Aliliwaza ziwa pia. Akijua kabisa kwamba linampotea, akasema, “Baba mdogo, simama.”

“Umesahau nini?”

“Sijakaza. Nilipaka rangi tu.”

Gervas akarudisha gari kinyumenyume hadi gereji. Lusia akashuka, akaenda mpaka aliposimama mama yake.

“Nilikudanganya, mama. Za kushoto hazijakazwa.”

“Leta jeki,” Odeta alisema.

Gari likainuliwa, tairi likatoka. Odeta akaishika nati ya kwanza, yenye mstari wake mzuri mweupe, akaizungusha kwa vidole viwili kama kifuniko cha chupa. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Richard akapiga mluzi. Gervas alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

“Rangi haikazi nati,” Odeta alisema. “Kaka yako hakukagua kwa sababu alikuamini. Mimi nimemwachia mtu gari kwa sababu nilikuamini. Ungepata maksi mbaya shuleni, ungeumia wewe peke yako. Kazi ya mikono ukiidanganya, anaumia mtu ambaye hata humjui. Hilo ulishike. La pili, umesema mwenyewe kabla hajaumia mtu, na lilikugharimu kusema. Hilo nalo nimeliona.”

Lusia alifuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na doa shavuni.

“Nikashushe mfuko wangu?” aliuliza.

Odeta alimgeukia Gervas. “Shemeji, Kabungu unasimama au husimami?”

“Nasimama,” Gervas alisema. “Hata ukisema nisimame mara tatu, nasimama.”

“Basi mtu wa kuzikaza ni huyu. Lusia, mfuko uache ulipo. Unakwenda Karema, lakini si matembezi. Kabungu utashuka, utatoa matairi ya nyuma yote mawili, utakaza, baba yako mdogo akiangalia. Na kuanzia leo hapa gereji anayekaza hapaki rangi. Mmoja anashika spana, mwingine anajaribu nati kwanza, ndipo anapaka.”

Akaichukua brashi, akamkabidhi Richard. Spana ndefu akamwekea Lusia mkononi.

Lusia akapiga magoti mbele ya spesa, akaivuta spana kwa uzito wa mwili wake wote mpaka nati ikagoma kusogea. Richard akaijaribu, akaijaribu tena, ndipo akapiga mstari.

“Ya pili,” alisema.