Duara kwenye Pipa la Sumu

Kila asubuhi kabla ya shule, Mulunesh alikuwa na kazi moja katika karakana ya baba yake, Gizachew, kwenye soko la vyuma chakavu la Addis Ababa. Alimuuliza mleta mapipa, "Hili lilibeba nini?" Likiwa la mafuta ya kula, alilichora duara kwa chaki, na baba alilifua likawa kifuniko cha kikaango cha injera, ule mkate mpana wa Ethiopia. Likiwa la sumu alilichora msalaba; hilo liliishia kuwa geti. Pale hakikutupwa kitu.

Jumatatu yalishushwa mapipa kumi na mawili, na Mulunesh macho yalikuwa hayajafunguka vizuri. Akachora duara, duara, duara, mpaka la mwisho, bila kuuliza hata moja. Akaenda zake shule kusinzia.

Jioni, akifagia, ufagio ulinasa karatasi iliyobanduka kwenye pipa pekee alilofua baba siku ile. Ilikuwa na picha ya fuvu: dawa ya wadudu. Na pale mlangoni mama mmoja, Weynishet, alikuwa akijitwika kifuniko kipya cha pipa hilo. Mvuke wa injera hupanda, hugonga kifuniko, kisha hudondokea chakula.

Karatasi ilikuwa ndogo, moto wa karakana ungeimeza mara moja. Mulunesh akaikunja. Akaikunjua.

"Baba, pipa ulilofua leo lilikuwa la sumu. Sikuuliza."

Gizachew ndiyo kwanza alikuwa ameketi. "Mbona lilikuwa na duara?"

"Niliyachora yote duara. Nilichoka."

"Ulichoka! Na mkono huu wangu umepumzika lini?"

Weynishet akatua mzigo. "Wewe mtoto! Wanangu wale dawa ya kunguni? Wangekufa bila hata chawa mmoja! Haya ndugu yangu, nipe kingine, kesho nina wageni."

"Hakuna kingine, dada. Keti nikufulie kipya."

Gizachew akainuka kwa kuguna, akakikata kile kifuniko vipande vya bawaba za geti. Mulunesh akafuta duara zote, akamfuata mleta mapipa, akauliza moja moja. Kisha akashikilia bati safi huku nyundo ikilia, mikono ikimfa ganzi.

Weynishet alipoondoka, baba alijifuta jasho.

"Mwanangu, kutotupa kitu ni fahari yetu. Lakini bati likizunguka, sumu yake huzunguka nalo, mpaka mtu aseme kweli. Siku ukichoka, niambie nichore mimi."