Mfereji Mkavu wa Jikoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dianah alimswaga punda wa jirani hadi kwenye kisima cha shamba, akajaza mitungi, akarudi nayo nyumbani. Ngoliba, walikoishi, ni kukavu. Kwa miaka yake kumi na miwili alijua kila kitu kuhusu maji ya mtungi, lakini maji ya mfereji hakuyajua. Nyumba waliyoishi ilikuwa mali ya shamba ambako mama yake, Syombua, aliwapikia vibarua. Kisha shamba likauzwa. Wafanyakazi wakaambiwa wawe wamehama kufikia Jumamosi, na baada ya hapo milango ingetiwa kufuli.

Syombua hakuketi chini kulia. Alihangaika hadi akapata kazi ya upishi katika shule moja mjini Ruiru, na nyumba ndogo ya kupanga ghorofani. Chini yake aliishi mwenye nyumba, mama mkali aliyeitwa Magdalene, pamoja na binti yake Lynn, rika la Dianah.

"Hatuhamii gizani," Syombua alisema, "wala hatuhamii mahali pasipo na maji."

Kwa hivyo Ijumaa akamchukua Dianah wakaenda kuitayarisha nyumba. Stima haikusumbua: Syombua aliingiza tokeni kwenye mita, balbu ikawaka. Mtungi wa gesi aliuunganisha, akapaka povu la sabuni kwenye mpira ili aone kama kuna mahali panapovuja. Hapakuwa na tatizo. Yakabaki maji. Yalikuwa yamekatwa tangu mpangaji wa zamani alipohama, na ilibidi Syombua aende ofisini kuomba yarudishwe. Akamwachia Dianah kazi ya kufuta vumbi na agizo moja: ahakikishe mifereji yote imefungwa, kwa sababu maji yangeweza kurudi wakati wowote wao wakiwa hawapo.

Dianah akafuta sinki, akaacha kitambaa humo humo, akaushika mfereji wa jikoni. Aliuzungusha upande mmoja hadi ukagoma. Akauzungusha upande wa pili, nako ukagoma. Hakuna hata tone lililotoka. Sasa ulikuwa umefungwa au umefunguliwa? Lynn alikuwa amesimama mlangoni akitafuna muwa, akimtazama.

"Kwani huko kwenu mlizoea kufunga punda tu?" akauliza, akacheka.

Uso wa Dianah ukawaka moto. Lynn angeweza kumwonyesha mara moja, lakini Dianah hakutaka kuchekwa tena. Aliuacha mfereji jinsi ulivyokuwa. Mama yake aliporudi, alisimama ngazini na kumwuliza kama amefunga.

"Nimefunga."

"Yote?"

"Yote."

Kesho yake pikapu iliyobeba vitanda, sufuria na magodoro ilipofika getini, walimkuta Magdalene amesimama katikati ya njia. Nyuma yake, blanketi na magodoro yake mwenyewe yalikuwa yameanikwa ukutani, yakichuruzika. Dari ya chumba chake ilikuwa imelegea kama tumbo la ng'ombe. Maji yalikuwa yamerudi, sinki la juu likajaa na kufurika hadi chumbani kwake, kabla hajayafunga kwenye koki ya nje.

Alikuwa akimfokea Kiama, fundi aliyeubadilisha mfereji ule wiki hiyo hiyo. Kiama alisema polepole kwamba aliufunga kwa mkono wake. Akaomba aruhusiwe tu kupanda juu kuutazama. Magdalene alikataa. Alimwambia achukue vifaa vyake na asikanyage tena pale, na kwamba angewaambia majirani wote wasimpe kazi. Kisha akamgeukia Syombua.

"Au ni nyinyi? Mama Dianah, kama ni watu wako waliouacha wazi, usishushe hata kijiko. Rudi ulikotoka."

"Mwanangu aliufunga," Syombua alijibu. "Nilimwuliza, akaniambia. Simjui kuwa mwongo."

Dianah aliitazama pikapu. Walikotoka kulikuwa na kufuli. Dereva alikuwa ameanza kulalamika kwamba ana safari nyingine, na kama hawaingii basi angeshusha vyombo barabarani. Mdogo wake, Nzioki, alikuwa ameketi juu ya godoro ndani ya pikapu, akiuliza kila mara wataingia lini. Neno moja kutoka kwa Dianah, na wangelala nje. Asiposema, Kiama angeondoka na jina lililoharibika. Akamwona fundi akiinama kuokota spana yake, akiifuta kwa shati, akiiweka ndani ya mfuko bila kumtazama mtu.

"Ni mimi," Dianah alisema. Sauti haikusikika vizuri, akarudia. "Si yeye. Ni mimi."

Mama yake aligeuka akamtazama.

Magdalene akawapandisha wote juu, miguu ikitota. Akamwamuru Dianah aufunge mfereji ule. Dianah akauzungusha kwa nguvu zake zote.

"Hapo unafungua," Kiama alisema taratibu.

Dianah akaanza kulia. Akaeleza kwamba hakujua upande, kwamba haukutoa maji popote alipouzungusha, na kwamba aliona haya kuuliza. Mlangoni, Lynn aliinamisha kichwa.

"Nilimcheka," Lynn akasema. "Kuhusu punda."

Magdalene alikitoa kitambaa kilichokuwa kimeziba tundu la sinki, akakikamua. Kisha akamgeukia Kiama, akamwambia amemkosea na kwamba kazi yake ilikuwa safi. Ndipo akamkabili Dianah.

"Nilikuwa nimeshaamua kuwafukuza. Lakini nikikufukuza kwa kusema ukweli, huyu wangu naye atajifunza kunyamaza. Ingieni. Dari mtaitengeneza pamoja na fundi, na blanketi zangu utazifua wewe."

Syombua alikubali kabla Magdalene hajamaliza kusema. Siku nzima wakakausha sakafu, wakabandua mbao za dari zilizovimba kwa maji, Dianah akishikilia ngazi ya Kiama hadi mikono ikafa ganzi. Jioni fundi alifungulia maji. Dianah akasimama mbele ya sinki, akasita, kisha akamwita Lynn amwonyeshe tena. Lynn akaja na kumshika mkono, wakauzungusha pamoja. Safari hii hakucheka.

Syombua alikuwa akikamua tambara mlangoni.

"Kutojua upande wa kufunga hakukuwa kosa," alisema. "Uliposema umefunga, hapo ndipo ulipokosea, na mtu mwingine nusura alipie. Mfereji mkavu hauwezi kukuambia kama uko wazi. Wewe una mdomo. Uutumie."