Nilisema "Safi", Maji Yakiwa Bado na Ukungu

Nilisukuma mlango bila kubisha... nikawakuta.

Justus ameinama, uso wake karibu kabisa na wa yule mwanamke. Mkono mmoja uko kidevuni kwake. Na wanacheka.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze pamoja na bakuli langu.

Ilikuwa Tabora, mwaka 1957. Mimi Apolinaria nilikuwa nimetoka chuoni mwaka mmoja tu, msaidizi wa Justus, tabibu wa meno. Alikuwa hajawahi kunitamkia neno la mapenzi. Lakini kila asubuhi alinimiminia chai kabla ya kujimiminia yeye.

Mimi nikaihesabu kuwa ahadi.

Yule mwanamke ni Nyamizi, muuza asali wa Sikonge. Jino lake la mbele lilioza hadi mzizini. Wengine Justus aliwang'oa dakika tano, kwaheri. Huyu, wiki ya tatu sasa, anasafishwa mzizi mmoja!

Nilimuuliza kwa nini asiling'oe tu. Akajibu, bila kunitazama, kwamba jino hilo linahitajika.

Linahitajika na nani?

Kazi ilikuwa hivi. Justus anaingiza sindano nyembamba ndani ya mzizi, karibu na ncha, anasukuma dawa ya klorini taratibu. Dawa inarudi na uchafu. Yeye macho yako jinoni. Mimi nashika bakuli chini ya kidevu, namtajia rangi. Nikisema safi, anaziba.

Siku ile, aliposukuma dawa mara ya nne, maji yalirudi na ukungu wa kijivu. Nyamizi akamfinya Justus mkono, akamnong'oneza. Wakacheka tena.

"Dada Apolinaria, rangi?"

Nikautazama mkono ule...

"Safi."

Akaziba. Nikamwaga bakuli kabla hajalitazama. Sasa yule mwanamke arudi kufanya nini?

Siku ya nne akarudi. Shavu limevimba kama andazi, jicho moja limefumba. Justus akafungua jino, usaha ukatoka. Akanigeukia.

"Si ulisema safi?"

Nililia. Nikaeleza yote, hata habari ya chai.

Nyamizi akaanza kucheka, ameshika shavu kwa maumivu.

"Wewe mtoto. Mimi ni shangazi yake huyu. Kitinda mimba wa babu yake."

Kwao kijana hamtamkii msichana mwenyewe. Shangazi ndiye hupeleka posa, naye ndiye uso wa ukoo. Nyamizi alikuwa ameapa kwamba haendi kwa watu na pengo mbele, wasije wakasema wameletewa kikongwe.

"Jumamosi hii nilikuwa nakwenda Ndala," akasema. "Kwa baba yako."

Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima... na mpeleka posa hawezi hata kufumba mdomo. Kwaresima posa haipelekwi, basi siku arobaini nzima nikazingoja kwa ajili ya bakuli moja.

Justus alitaka kumwita mtu mwingine amsaidie. Nyamizi akakataa.

"Mpe yeye bakuli. Leo ataona vizuri."

Tulisafisha mara kumi na moja. Kila mara nilitaja rangi ya kweli, huku machozi yakidondokea humo humo.

Baada ya Pasaka akaenda Ndala na debe la asali, meno yake yote mdomoni.

Wapenzi wangu, kabla ya kumwonea mtu wivu, uliza kwanza ni nani. Na uchafu ukiuzibia ndani hauishi. Unavimba.

Chai, hadi leo, Justus ananimiminia mimi kwanza.