Jiwe Jeusi Kwenye Picha

"Baba Pacha, hebu njoo uone! Hii nayo ni picha? Kama mtu kapangusa masizi ya sufuria!" mgeni mmoja mwanamke akamwita mumewe.

Mchoraji alikuwa nyuma ya ubao wa maonyesho, akifunga kamba ya picha nyingine. Alitabasamu. Michoro yake haikuwa na mtu wala samaki, ilikuwa rangi tupu, na kejeli alishazizoea. Wageni wengi wa siku ile waliingia ukumbini kukimbia mvua.

"Usicheke usichokijua," sauti ya mwanaume ikajibu. "Hayo ya kijivu ni matete yamelazwa na upepo. Huo uzi mweupe ni mshipi unaanza kukaza, samaki keshameza chambo. Na hilo jeusi ni jiwe. Linateleza upande wa kushoto, ukikaa vibaya unaogelea bila kupenda."

Kamba ikamponyoka mchoraji.

Picha ile aliimaliza juzi, na hakuiwekea maelezo yoyote. Hata mwalimu wake wa uchoraji aliitazama akasema ni milima. Jiwe la pale bwawani wanakovua alilijua yeye na mtu mmoja tu, mchumba wake, ambaye asubuhi ile ile alimwandikia: "Mpenzi, bado niko safari ya kikazi. Nikirudi tunakwenda kwa wazazi wako, nijitambulishe."

Upande wa pili wa ubao mwanamke akacheka.

"Makubwa! Mtu unayeogopa hata maji ya beseni, hayo umeyajulia wapi?"

"Nimekisia tu. Twende zetu, mke wangu, mvua imepungua."

"Imepungua wapi? Hulisikii bati linavyolia?"

Mchoraji akatoa simu, akapiga. Upande wa pili wa ubao, simu ikaita.

"Fundi Bomba huyo," mwanamke akasema, akisoma jina kwenye simu ya mumewe. "Pokea, umwulize lile bomba la jikoni atakuja lini."

"Mwache. Nitampigia baadaye."

Mchoraji akatoka nyuma ya ubao, simu ikiwa bado sikioni.

"Samahani, dada. Fundi Bomba ni mimi."

Simu iliendelea kuita kiganjani mwa mwanaume, asikumbuke hata kuizima.

"Mke wangu, huyu dada... tulikutana kikazi..."

"Nyamaza." Mke hakupaza sauti. "Naongea na mwenzangu. Dada, tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Aliniambia hana mke. Jumamosi tunakwenda kuvua, isipokuwa zile anazokuwa safarini."

"Kumbe safari zenyewe ni za kuja kwangu," mke akasema. "Na mimi huniambia Jumamosi yuko kazini. Watoto humsubiri mlangoni na mpira wao mpaka wanasinzia."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Unamwita nani?" wanawake wote wawili wakauliza kwa pamoja.

Mchoraji akamtazama mwanaume machoni.

"Ulinifundisha kutulia, nisitikisike, mpaka samaki azoee kivuli changu. Nilidhani unanifundisha kuvua."

Mke hakungoja zaidi. Alitoka akaingia kwenye mvua bila mwavuli, mumewe akimkimbilia nyuma huku akimwita, na yeye hakugeuka.

Mchoraji akabaki mbele ya picha yake. Mgeni mmoja akamsogelea, akamwuliza kwa adabu kama hiyo ni milima.

"Ndiyo," akajibu. "Ni milima."

Simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Mwanangu, mama yako amenikalia kooni. Anauliza huyo mgeni wetu hunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Baba... mgeni haji tena."

Kwa mbali mchoraji alimsikia mama yake akiuliza, "Anasemaje? Anasemaje?"

"Anasema anakuja peke yake," baba akamjibu mkewe. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imeshuka. "Njoo, mwanangu. Njoo hata leo."